Wodi ya wanawake, hospitali moja ya binafsi Kampala: mchana naisifu, usiku nina neno

Tangu mama mkwe aruhusiwe kutoka, watu wa Bombo na wa Kawempe hawaachi kuniuliza: pale ni pazuri? Nami nimpeleke mzee wangu? Jibu langu ni ndiyo, ila kuna sharti moja linalohusu usiku, na sharti lenyewe si dogo. Nimeona niandike yote mahali pamoja.

Jina la hospitali silitaji. Ni ya binafsi, ipo Kampala, na wodi ninayoizungumzia ni ya wanawake waliofanyiwa upasuaji. Nina sifa nyingi za kuwapa na lawama moja nzito, na wauguzi wenyewe ni wachache kiasi kwamba nikitaja hospitali nitakuwa nimemtaja mtu. Nitaeleza nilichokuwa nakiangalia, ili ukifika hospitali yoyote ile ujue pa kuelekeza macho.

Mimi ni muuguzi mstaafu. Nilisomea na kufanya kazi Tanzania, sehemu kubwa kwenye wodi za upasuaji, kisha ndoa ikanileta Uganda. Mama mkwe ni Mnubi wa Bombo, amevuka miaka sabini, na kisukari amekaa nacho muda mrefu. Kidole gumba cha mguu wa kushoto kilipata kidonda, na kwa kuwa miguu yake imekufa ganzi hakusikia maumivu. Hadi anatuonyesha, kidole kilikuwa kimeshakuwa cheusi. Daktari akasema kitolewe kabla ubaya haujapanda mguuni. Ndivyo tulivyoingia pale.

Wengi wakiisifia hospitali husifu marumaru, televisheni ya ukutani na daktari aliyesoma ng'ambo. Daktari ni mtu muhimu, lakini hukaa na mgonjwa dakika chache kwa siku. Saa zote zilizobaki mgonjwa yuko mikononi mwa wauguzi. Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba karibu mgonjwa 1 kati ya 10 hudhurika akiwa katika kupewa huduma ya afya, na kwamba zaidi ya nusu ya madhara hayo yangeweza kuzuilika. Ukiyachunguza madhara yenyewe, mengi ni mambo ya kila siku: dawa ya huyu kupewa yule, mikono isiyosafishwa, mgonjwa kuanguka akienda chooni, kidonda cha kulalia, dalili mbaya ambayo hakuna aliyeisoma mapema. Yote hayo yanapita mkononi mwa muuguzi. Kwa hiyo mimi nilivuta kiti nikakaa pembeni ya kitanda, nikawatazama wauguzi.

Jambo la kwanza lililonifurahisha lilikuwa jina. Mama mkwe kila mtu humwita Hajati, na kitanda cha tatu kutoka kwake alilala mama mwingine ambaye naye ni Hajati, umri wao unakaribiana, na jina lao la kwanza ni moja. Wote wawili wana kisukari. Mtu wa kazi hii akisikia hivyo moyo unamdunda. Siku ya kwanza muuguzi alimfunga mama mkanda wa mkononi wenye jina kamili, mwaka wa kuzaliwa na namba ya faili, na tangu hapo hakuna kidonge wala sindano iliyomfikia bila muuguzi kumwomba ataje jina lake lote, kisha kuusoma mkanda na kuulinganisha na karatasi ya dawa. Kila mara. Muuguzi aliyempa dawa asubuhi alimuuliza tena mchana, tena kwa adabu: "Samahani Hajati, niambie jina lako lote."

Mama mkwe alichoka. Akaniambia kwa Kiswahili chake cha Bombo kwamba binti huyu hana akili, jana nimemwambia, leo anauliza tena. Nikamweleza kwamba binti huyu ndiye mwenye akili kuliko wote. Tena angalieni namna ya kuuliza: hakusema "Wewe ndiye Hajati fulani?" Mgonjwa mwenye homa, au asiyesikia vizuri, ataitikia ndiyo kwa jina lolote utakalomtajia. Muuguzi alisubiri mgonjwa mwenyewe alitamke. Juu ya vitanda vya mama hawa wawili walibandika pia karatasi ya rangi yenye maneno ya kumtahadharisha anayekuja kwamba wodini kuna majina yanayofanana. Karatasi tu, gharama yake si kitu.

Halafu dawa. Tulikuja na kaveera, yaani mfuko wa plastiki, iliyojaa: metformin na glibenclamide ambavyo ni vidonge vya kisukari, vidonge vya presha vya aina mbili, vingine havina hata lebo, na chupa ya maji ya mululuza, yale majani machungu ya kienyeji, ambayo mama hunywa asubuhi kwa ajili ya sukari. Muuguzi aliyetupokea alimimina vyote juu ya meza, akaviandika kimoja kimoja: jina, miligramu, mara ngapi, mara ya mwisho kumezwa lini. Alipofika kwenye mululuza hakukunja uso wala hakumkaripia mzee. Aliuliza anakunywa kiasi gani, akaandika, akamweleza kwa utulivu kwamba pale watampa insulini, na vitu viwili vya kushusha sukari vikikutana vinaweza kuishusha kupita kiasi. Dawa zote za nyumbani akaziweka kwenye bahasha yenye jina na kuzifungia, ili mama asije akameza zake huku wodi nayo inampa zilezile. Nimeona wagonjwa wakimezeshwa dawa ya presha mara mbili kwa namna hiyo, mara moja na muuguzi na mara moja na binti yao mwenye upendo.

Sasa insulini, na hapa niruhusuni nikae kidogo, maana ndipo sifa na lawama zangu zinapokutana.

Insulini ni dawa inayookoa na inaua kwa tarakimu moja. Daktari akiandika vizio 4 (kizio ndicho kipimo cha insulini, kwa Kiingereza unit) kwa kifupi, yaani herufi U, mwandiko ukiwa mbaya U inasomeka sufuri, na 4 inakuwa 40. Karatasi ya wodi hii ilikuwa na neno lenyewe limeandikwa kwa urefu, na muuguzi mkuu wa zamu aliniambia kwamba daktari akiandika kwa kifupi wanamrudishia. Bomba la sindano lilikuwa lile lake maalumu lenye alama za vizio. Hawakuvuta kwa bomba la kawaida la mililita 2 na kukisia. Wauguzi wawili walitazama chupa pamoja kabla ya kuvuta, kwa sababu kuna insulini iliyo angavu ya kazi ya haraka na ile yenye ukungu ambayo lazima uiviringishe taratibu kati ya viganja kwanza, na chupa zake ukiziweka bega kwa bega unaweza kuzichanganya, hasa macho yakiwa yamechoka.

Lakini kilichonifanya nimheshimu kabisa muuguzi wa mchana ni swali lake. Alikuja na sindano tayari kwenye kitreyi, akasimama, akauliza: "Chakula kiko wapi?"

Chakula kilikuwa Bwaise, kwenye jamu. Kama mnavyojua, hospitali nyingi hapa kwetu ndugu ndiye anayepika, na wifi yangu hupika Kawempe. Kutoka Kawempe kupita Bwaise hadi Wandegeya saa sita mchana, mvua ikiwa imenyesha, hakuna anayeweza kukuahidi dakika. Insulini ile ya haraka huchomwa kama nusu saa kabla ya kula. Ukimchoma mgonjwa saa sita kamili kwa kuwa karatasi inasema saa sita, na matoke yakafika saa nane, sukari itaanguka akiwa anasubiri. Muuguzi aliweka kitreyi chini, akapima sukari, akaandika kwamba sindano inasubiri chakula na kwa nini, akaenda kwa wengine. Boda boda ilipofika na kikapu, akarudi, akauliza jina tena, akachoma. Ukimtazama kwa saa ya ukutani alichelewa. Ukiitazama damu ya mama mkwe, alikuwa kwenye wakati wake hasa.

Upasuaji wenyewe sitaueleza sana. Kidole kilichotakiwa kutolewa kiliwekewa alama ya wino mama akiwa macho na akiona, akaulizwa yeye mwenyewe akionyeshe. Mlangoni mwa chumba cha upasuaji walisoma orodha ya ukaguzi kwa sauti: jina, upasuaji gani, upande gani, mzio wa dawa. Orodha hiyo ya Shirika la Afya Duniani ilitoka mwaka 2008, na kabla haijaenea ilijaribiwa katika hospitali nane za miji minane. Mmoja wa miji hiyo ni Ifakara, kwetu Tanzania. Vifo baada ya upasuaji katika hospitali hizo vilishuka kutoka asilimia 1.5 hadi 0.8. Nilipowasikia wanaisoma hapa Kampala nilijisikia fahari, na wala sioni haya kusema hivyo.

Baada ya upasuaji mama alihitaji damu. Ilitoka benki ya damu ya Nakasero. Wauguzi wawili walisimama pande mbili za kitanda. Mmoja akasoma namba ya mfuko, kundi la damu na tarehe ya mwisho, mwingine akafuata kwenye fomu na kwenye mkanda wa mkononi. Hakuna aliyesoma moyoni. Kisha yule aliyeifungulia damu akabaki pale kwa dakika 15 za mwanzo, anapima joto na mapigo, anamuuliza mama kama anasikia baridi, kama kiuno kinauma, kama ngozi inawasha. Mwili ukiikataa damu, mara nyingi huonyesha mapema, na mgonjwa aliyeachwa peke yake hawezi kufunga dripu mwenyewe. Mfuko ulimalizika ndani ya saa nne, kama inavyotakiwa.

Mikono: kila kitanda kina chupa ya kitakasa mikono imening'inizwa miguuni, na chupa zilikuwa na dawa ndani, maana nimeona sehemu nyingi chupa ikiwa pambo. Wauguzi walisugua kabla ya kumgusa mama na baada ya kumgusa, na baada ya kugusa shuka au meza yake. Glavu walivua kati ya mgonjwa na mgonjwa. Huwa nasononeka ninapomwona mtu amevaa glavu zilezile kutoka kitanda cha kwanza hadi cha sita, amejilinda yeye na kuwasambazia wengine. Hapa Uganda somo la mikono tumelilipia kwa uhai wa watu. Mwaka 2000 Ebola ilipoingia Gulu, Daktari Matthew Lukwiya wa Hospitali ya Lacor alikufa Desemba pamoja na wauguzi wake kadhaa waliokuwa wakiwahudumia wagonjwa. Mlipuko wa 2022 ulioanzia Mubende uliwaambukiza wahudumu wa afya 19, saba wakafa. Januari 2025 Kampala ikatangaziwa tena, na mtu wa kwanza kuthibitishwa alikuwa muuguzi wa Hospitali ya Mulago aliyekuwa ameshafariki. Sinki la mlangoni ambalo wageni wanalilalamikia kwamba linawachelewesha lina historia hiyo nyuma yake. Osheni mikono jamani, na mkimwona muuguzi amesahau mwambieni. Mimi nilimwambia mwanafunzi mmoja, akashukuru.

Jirani yetu wa kitanda cha dirishani alikuwa mama aliyepooza upande mmoja. Ukutani kwake kuna karatasi yenye mchoro wa saa: kushoto, chali, kulia, kila baada ya saa mbili, na nafasi ya sahihi. Ngozi ya mtu asiyejigeuza huanza kufa kwenye matako, nyonga na visigino, na kidonda cha kulalia kikishafunguka kinaweza kumchukua mgonjwa aliyekuwa amepona kiharusi. Nilimwona muuguzi akimfundisha binti wa mama yule jinsi ya kumgeuza kwa shuka bila kumburuta, jinsi ya kuweka mto chini ya vigimbi vya miguu ili visigino vining'inie bila kugusa godoro, na jinsi ya kutazama wekundu ambao haupotei ukiubonyeza kwa kidole. Kumfundisha ndugu ni kazi ya uuguzi, kwa sababu ndugu ndiye aliyelala kwenye mkeka chini ya kitanda. Lakini sahihi kwenye karatasi zilikuwa za wauguzi, na hilo nalo ni sawa: wamekushirikisha, hawajakutupia mzigo.

Nilimuuliza matroni potasiamu kloridi, dawa ya kuchanganywa kwenye dripu, inakaa wapi. Akatabasamu, akajua nimetoka wapi. Ipo kwenye kabati lenye kufuli, haipo kwenye toroli la dawa karibu na maji ya chumvi ya kusafishia kanula, kile kijibomba kinachokaa mshipani. Ikidungwa moja kwa moja mshipani bila kuchanganywa husimamisha moyo, na vichupa vyake vidogo vinafanana na vya maji. Kama una ndugu anayefanya kazi hospitali, mwambie aende akaangalie wodini kwake.

Sasa usiku.

Mchana wodi ile ya vitanda 24 ilikuwa na wauguzi wanne na wanafunzi. Usiku ilikuwa na muuguzi mmoja na mwanafunzi mmoja. Kengele ya kumwita muuguzi haipo vitandani. Choo kiko mwisho wa korido, na taa moja ya korido ilikuwa imeungua siku zote tulizokuwa pale. Vyuma vya pembeni vya kitanda walivipandisha na magurudumu waliyafunga breki, hilo walilifanya kila jioni, na mama alikatazwa kushuka bila msaada. Lakini mtu aliyebanwa na haja saa tisa za usiku, akiita na hakuna anayeitika, atashuka tu.

Usiku mmoja baada ya upasuaji, mpwa wa mume wangu ndiye aliyelala na mama. Mimi nilikuwa nyumbani; haya nimeyapata kwake na kwa muuguzi mwenyewe. Jioni chakula kilifika kwa wakati na insulini ikachomwa kwa wakati. Mama akala vijiko vichache, akasema moyo umekataa, sahani ikaondolewa. Muuguzi hakujua kwamba sahani imerudi imejaa. Insulini ya jioni ni ile yenye ukungu, ambayo nguvu yake humkuta mgonjwa akiwa usingizini. Kama saa nane za usiku mpwa aliguswa na mkono uliokuwa unaning'inia kutoka kitandani, umelowa jasho na ni wa baridi. Akainuka, akamkuta mama anazungumza maneno yasiyoeleweka, anamwita marehemu mumewe.

Mpwa alikimbia kwenye meza ya wauguzi, hakuna mtu. Muuguzi alikuwa chumba cha pili na mwanafunzi wake, mgonjwa mwingine alikuwa anatokwa na damu kwenye mshono. Mpwa akazunguka korido anaita. Hakuna anayejua muda uliopita, na mimi simlaumu muuguzi yule hata kidogo: alikuwa na wagonjwa wawili walio hatarini na mwili mmoja. Alipofika alifanya yote yanayotakiwa, tena kwa mpangilio. Mashine ya sukari ilisoma milimoli 2.6 kwa lita, wakati chini ya 3.9 tayari ni hatari. Alijaribu kwanza kama mama anaweza kumeza, akampa maji ya glukosi, akakaa naye, akapima tena baada ya dakika 15, ikapanda, akamtafutia maziwa na mkate ili isianguke upya. Alfajiri mama alikuwa anauliza kwa nini wote tunamkodolea macho.

Asubuhi nilifika nikiwa nimejiandaa kwa ugomvi. Nimeishi kwenye wodi miaka mingi na najua yanayotokea kwa kawaida: faili linapotea, kila mtu anasema mgonjwa ni mzee, na ndugu anaambiwa ni kazi ya Mungu. Muuguzi mkuu alinikuta kabla sijamtafuta. Alituketisha mimi na mume wangu, akasema: "Usiku sukari ya Hajati ilishuka, na ilitokea mikononi mwetu. Nawaeleza jinsi ilivyokuwa." Akaeleza yote, pamoja na muda mpwa aliozunguka korido. Aliomba radhi. Akatuonyesha fomu ya tukio aliyoijaza yule muuguzi wa usiku mwenyewe kabla ya kwenda kulala, na hakuna mahali palipoandikwa uzembe wa fulani. Paliandikwa kilichotokea na kilichokosekana.

Walichokiona wenyewe ni kwamba mchana muuguzi anatazama chakula kwa sababu yupo, lakini hakuna aliyewahi kupewa kazi ya kutazama sahani inaporudi. Tangu siku hiyo karatasi ya insulini ikaongezwa safu: amekula chote, nusu, kidogo, hakula. Ndugu akaambiwa asiondoe sahani kabla muuguzi hajaiona. Wagonjwa wote wa insulini wakawa wanapimwa sukari saa nne za usiku na saa tisa. Mpwa alifundishwa dalili: jasho, kutetemeka, njaa ya ghafla, maneno kuchanganyika. Akaonyeshwa mahali glukosi inapowekwa.

Naomba mnielewe uzito wa jambo hili. Wodi iliyokuambia ukweli kuhusu usiku mbaya ni wodi unayoweza kuiamini na usiku unaofuata. Muuguzi anayejua kwamba akiandika tukio atafukuzwa hataliandika, na lile lile litampata mgonjwa wa kitanda cha jirani wiki ijayo. Nilikuwa tayari kuondoka na mama. Maneno ya muuguzi mkuu ndiyo yaliyonibakisha.

Lakini safu kwenye karatasi haizai muuguzi wa pili. Saa tisa za usiku vipimo vinahitaji mikono, na mikono ilikuwa ni ileile. Hili ndilo lawama langu, na linawahusu wenye hospitali wanaopanga zamu na mishahara, haliwahusu wasichana wale. Hospitali iliyoweza kuweka televisheni kwenye chumba cha kusubiria inaweza kuajiri mtu wa pili wa usiku na kununua balbu ya korido.

Kuhusu lugha: wauguzi wengi wanaongea Kiganda na Kiingereza, na makabidhiano ya zamu asubuhi hufanyika kando ya kitanda kwa Kiingereza. Ni makabidhiano mazuri, wanataja hali, historia, wanachohofia na kinachotakiwa kufanywa, lakini mama alikuwa analala katikati ya mazungumzo yanayomhusu bila kuelewa neno. Kulikuwa na muuguzi mmoja wa Koboko anayezungumza Kiswahili safi, na zamu yake mama alikuwa mtu mwingine kabisa: aliuliza, alilalamika, alieleza kwamba kanula inamuuma. Walipoitazama, mshipa ulikuwa umeanza kuvimba, ikatolewa na kuwekwa upande wa pili. Bila Kiswahili angevumilia hadi iwe jipu. Kama mzee wako haelewi Kiganda wala Kiingereza, omba mapema, siku ya kwanza, wakuonyeshe nani anazungumza lugha yake, na muda mwingine kaeni naye mtu anayeweza kumtafsiria.

Bei ni ya kati kwa Kampala. Si nafuu kwa mtu wa Bombo, na wanataka malipo ya awali kabla ya kulaza. Bili ina maelezo ya kila kitu. Jambo nililolipenda ni kwamba glavu, mabomba ya sindano na pamba vimo ndani ya malipo ya wodi. Pale ambapo ndugu anatumwa duka la dawa kununua glavu moja moja, muuguzi huanza kubana matumizi, na anayebaniwa ni mgonjwa. Boksi la njano la sindano zilizotumika lipo kila toroli, na walilibadilisha lilipofika robo tatu, halikuachwa limefurika sindano zinachungulia. Wanaofagia wanawashukuru kwa hilo kuliko mnavyodhani.

Wakati wa kutoka tulipewa karatasi ya dawa kwa Kiingereza, na yule wa Koboko akaiandika upya nyuma kwa Kiswahili: ipi imeachwa, ipi mpya, lini kurudi kusafishwa kidonda. Akamfanya mama airudie kwa mdomo wake mwenyewe kabla ya kumsainia. Bahasha ya dawa za nyumbani ilirudishwa, glibenclamide ikiwa imewekewa alama ya msalaba mwekundu. Kidonda kinafunga vizuri.

Kwa hiyo kwa anayeniuliza: mpeleke. Siku ya kwanza uliza usiku kuna wauguzi wangapi wodini, na ukiambiwa mmoja, panga mtu mzima, si mtoto wa shule, alale na mgonjwa wako, na awe anajua dalili za ugonjwa wake. Usiondoe sahani kabla haijaonwa. Mwambie mzee asichoke kutaja jina lake. Mimi nimemwachia matroni barua ya kuomba muuguzi wa pili wa usiku na taa ya korido, nakala kwa mkurugenzi, na mume wangu na ndugu wa yule mama wa dirishani wametia sahihi. Wakijibu nitaongeza jibu lao hapa chini.